Calculus ya meno, ya figo na ya darasani: ni kitu kimoja?

SWALI: Shikamoo dokta. Nlienda kuangaliwa meno wakaandika "calculus" kwenye kadi, mume wangu nae alipiga ultrasaundi majibu yakaja "renal calculus" milimita 7, afu mwanetu wa kidato cha tano PCM kila siku analia calculus inamtesa. Sa na mimi nna mawe ya figo? Nikisugua limau itatoka?

JIBU: Marahaba dada. Kadi yako inasema meno tu, figo haijaigusa kabisa, kwaiyo hapo lala usingizi.

Calculus ni Kilatini, maana yake kijiwe, kokoto ndogo. Warumi walikua wanahesabu kwa kusogeza vijiwe kwenye ubao, kama watoto wa chekechea wanavyohesabu kwa vifuniko vya soda, na hata kete za michezo yao waliziita ivo ivo. Kutoka kijiwe cha kuhesabia likaja neno la hesabu yenyewe, ndo hiyo ya mwanao, Newton na Leibniz kila mmoja aliifikia kivyake na Leibniz akaichapisha 1684. Mi kila nikisikia kikokotoo nasikia na kokoto humo ndani.

Sisi wa tiba tulilichukua neno kwa jiwe lenyewe, kwaiyo soma kila mara neno linaloandamana nalo: renal ni ya figo. Vingi vya huko ni kalsiamu na oksaleti, mkojo ukiwa mzito sana chumvi zinagandana. Vya chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka vyenyewe, cha mumeo kimepita hapo kidogo, asikae nyumbani anakunywa maji tu akisubiri, amwone daktari wa njia ya mkojo, na akipata homa pamoja na maumivu aende siku hiyo hiyo.

Yako ni ugaga. Ukoga ule laini usipotoka kwa mswaki unashika madini ya kwenye mate unakua mgumu kama chokaa. Simama mbele ya kioo, inua ulimi, angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini, utaona ukingo wa njano au kahawia pale fizi inapoanzia, pitisha ulimi unakwaruza. Unapenda kukaa hapo kwa sababu matundu ya mate yanafungukia chini ya ulimi.

Limau usiguse, nakuomba sana! Asidi yake inakula ganda la jino, na mkaa na mchanga vinalikwangua, ugaga unabaki pale pale na jino ndo linaisha. Unatolewa kwa kifaa kliniki, basi. Ukitoka hapo meno yanaweza kuhisi baridi siku chache na utaona mapengo madogo, usidhani umeharibiwa, hizo nafasi zilikuwepo, kijiwe ndo kilikua kimeziziba.