Keki ya epo na mdalasini: kabla hujanunua oveni, soma hapa

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Mbeya. Anasema: "Dada, nimepika keki ya epo kama ile ya kwenye picha zako. Juu imeiva hadi imeanza kuungua, ndani mbichi, na mdalasini wote umekimbilia chini ukagandia kwenye bati. Nina akiba kidogo ya kikoba. Nianze kununua oveni ya umeme au mashine ya kuchanganyia?"

Mdogo wangu, akiba yako iache kwenye kikoba. Keki yako imeuawa na maji, na hayo maji uliyaweka mwenyewe kwa mkono wako ulipomwaga vipande vya epo kwenye mchanganyiko bila kuvikausha. Epo ni maji matupu, zaidi ya asilimia 80. Likipata joto linayatoa, na yakitoka yanaingia kwenye unga uliolizunguka, unga unabaki ugali. Hata ungekuwa na oveni ya hoteli ya nyota tano, ungetoa ugali huohuo wa mdalasini.

Ngoja niseme jambo hili, maana nawajua wanaonisoma. Wengi wenu mna ndoto moja na mimi. Mnataka siku moja muiage ofisi ya watu, mtundike kibao getini, simu iite kuanzia Alhamisi, na Jumamosi bodaboda wapange foleni nje. Ndoto nzuri. Lakini kila anayeniandikia anaanza na mashine.

Mimi keki hii nilifundishwa Njombe, kwenye nyumba ya wageni ya masista, nikiwa binti wa kuosha vyombo. Njombe mnaijua: mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba baridi inakufanya umpende hata usiyemjua mradi amekaa karibu na jiko. Nyuma ya nyumba kulikuwa na miti ya epo. Epo zenyewe ndogo, chachu, zina madoa, sokoni Dar usingezigeuzia macho. Jikoni alikuwepo sista mmoja mzee, Mjerumani, asiyependa maneno. Kwao keki ya matunda huliwa na kahawa alasiri. Yake haikuwa na krimu wala maua, na alikuwa akiipika bila kupima kitu hata kimoja. Mimi ndiye niliyeanza kupima, kwa siri, kwa kikombe cha chai, nikiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Wenzangu walinicheka kwamba najifanya mwanafunzi. Leo kalenda ile ndiyo inalipa ada ya wanangu.

Yeye mdalasini alikuwa anaunyunyiza juu tu, kidogo, kama anauonea huruma. Michirizi ya mdalasini katikati ya keki ni yangu, nilianza kuitia nilipohamia Dar es Salaam na kuanza kupata mdalasini wa Zanzibar kutoka kwa wachuuzi wa viungo Kariakoo. Najua dunia imejaa keki zenye michirizi. Kwenye hii ya kwangu hakuna aliyenionyesha, na hapo sirudi nyuma.

Sasa Dar. Nilipoanza kuuza, watu walikuwa wanataka krimu. Keki ghorofa tatu, rangi ya samawati, jina la mtoto, na sanamu ya plastiki juu. Mama mmoja, jina lake nalihifadhi, aliagiza keki zangu za epo kwa mahafali ya binti yake. Alikuwa ameonja kwa jirani akazipenda. Siku yenyewe nikazipeleka, zimepoa vizuri, zimenyunyiziwa sukari ya unga tu. Akazitazama mbele ya wageni, akasema, "Mbona hujazimalizia?" Kisha akageukia meza yake: "Halafu epo si tunawapelekea wagonjwa hospitali?" Watu wakacheka. Mimi nikacheka pia, ungefanyaje? Akanilipa nusu, nusu ya pili akasema nitapigiwa simu.

Simu hiyo naisubiri mpaka leo.

Nilichokiona kabla sijaondoka ni kwamba trei zangu zilibaki tupu huku ile keki ya krimu, aliyoiagiza kwingine kwa bei ya mara tatu, imekatwa kona moja na watoto wanaichezea kwa vidole. Sikusema neno. Lakini nilijua. Na sasa kuna ofisi mjini inachukua trei zangu kila Ijumaa kwa ajili ya chai ya saa nne, hawajawahi kuniuliza krimu iko wapi. Mama yule kama ananisoma, ajue bado namdai.

Haya, tupike.

Epo kwanza. Chukua za kijani, zile chachu, Granny Smith, ambazo madukani nyingi zinatoka Afrika Kusini. Ukipata za Njombe au Lushoto zilizo ngumu na chachu, bora zaidi. Zile nyekundu za kung'aa zinazouzwa kwenye foleni za magari ni nzuri kwa kuuma mkononi, ila nyingi ukizipika zinalainika kama kiazi kilichozidiwa moto na utamu wake unapotelea kwenye sukari. Uchachu ndio unaoibeba keki hii. Epo mbili kubwa zinatosha, kama gramu 300 zikishamenywa na kutolewa moyo. Katakata vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya hindi mbili tatu, nyunyizia kijiko cha chakula cha sukari na kamulia nusu limao. Limao linazuia epo lisigeuke rangi, na sukari inavuta maji yatoke. Acha robo saa au zaidi kidogo. Utakuta maji yamejaa chini ya bakuli, na hayo ndiyo yaliyoiua keki ya Mbeya. Chuja, kisha kausha vipande kwa kitambaa safi. Kausha kweli. Maji yale usiyamwage, yaweke pembeni.

Mdalasini ununue wa vijiti. Ule wa Zanzibar ni mwembamba, umejikunja tabaka ndani ya tabaka, unauvunja kwa vidole bila kusumbuka. Ukikuta gome nene, gumu, lililojikunja mara moja tu, hiyo ni jamii nyingine, ladha yake kali. Inapikika, ila punguza. Ponda kwenye kinu kidogo au saga kwa blenda, kisha chekecha kwa chujio la chai. Ule wa pakiti uliokaa dukani miaka unabaki rangi tu, harufu imeshaenda zake. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha mdalasini, gramu 60 za sukari ya kahawia, kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ngano na gramu 30 za siagi iliyoyeyushwa, changanya upate uji mzito. Huo unga usiuruke! Sukari ikiyeyuka peke yake inakuwa maji na kushuka hadi chini, na ndiyo maana mdalasini wako uligandia kwenye bati. Unga unaushika ubaki katikati.

Keki yenyewe: siagi gramu 150, sukari gramu 150, mayai matatu, unga wa ngano gramu 250, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, chumvi kidogo, vanila ukiwa nayo, na mtindi mzito mililita 80. Kila kitu kisiwe cha baridi kutoka kwenye friji. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe na nyepesi. Mkono utauma, ndiyo mashine yenyewe hiyo. Tia yai moja moja. Unga uliochekechwa na beking pauda uingize kwa awamu, ukipishana na mtindi, na hapo ukishachanganyika acha kukoroga. Kama una shaka na beking pauda yako, tia kijiko kwenye maji ya moto. Isipotoa povu, itupe.

Mchanganyiko uwe mzito, ukiinua mwiko udondoke taratibu kwa bonge. Ukiwa mwepesi, vipande vya epo vitazama vyote chini. Watu wanafundishana kuvipaka unga visizame. Paka ukipenda, haidhuru, ila uzito wa mchanganyiko ndio unaovishika.

Paka bati la sentimita 22 siagi, weka karatasi chini. Mimina nusu ya mchanganyiko, tawanya nusu ya epo, dondosha mdalasini vijiko vijiko. Funika kwa mchanganyiko uliobaki, halafu epo zilizobaki juu. Chukua kisu cha mezani, zamisha bila kugusa chini ya bati, zungusha kama unaandika namba nane, mara mbili au tatu, basi. Najua mkono unatamani kuendelea. Ukiendelea, michirizi inapotea na unapata keki ya kahawia.

Moto. Kwenye oveni ni nyuzi 180, dakika 50 hadi 60. Kwenye mkaa, na hapa ndipo nilipoanzia hapa mjini na bado narudi umeme ukikatika, chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, funika na iache ipate moto dakika kumi kabla bati halijaingia. Makaa ya chini yawe machache. Palia mengi juu ya mfuniko. Wengi wanafanya kinyume, chini pakaungua wakati juu bado panatazama. Na usifunue kila dakika tano kwa udadisi, kila ukifunua joto linakimbia na keki inabonyea. Msomaji wangu, keki yako imeungua juu kwa sababu moto ulikuwa mkali mno. Upunguze kidogo, au keki ikishapata rangi funika juu kwa karatasi ya foili, uiache iendelee taratibu.

Ikipita dakika 45 choma kwa njiti. Njiti ikigusa kipande cha epo itatoka na maji, hata keki ikiwa imeiva, kwa hiyo choma sehemu mbili tatu kabla hujaamua. Yale maji uliyoyachuja yachemshe na kijiko cha sukari mpaka yawe mazito, upake juu keki ikitoka motoni. Inang'aa, na hapo ndipo hata mpenda krimu ananyamaza.

Sasa nisikilizeni, mabinti, na ninyi kaka zangu mnaojificha kwenye simu mkisoma mapishi. Acheni kukimbizana na picha za watu. Keki ya krimu inataka friji, inataka gari lenye kiyoyozi, inataka siku mbili za kazi, na joto hili la Dar likiishika saa nane mchana unalia peke yako barabarani. Keki hii unaifunga kwenye karatasi na inafika Kibaha salama. Anza na kitu unachoweza kukirudia kikatoka vilevile Jumatatu na Ijumaa. Mteja anarudi kwa sababu ya kufanana. Kausha epo, pika mchanganyiko mzito, linda moto. Nimeshasema, narudia: kausha epo.

Na msione haya kutaja bei. Piga hesabu ya mayai, siagi, mkaa, limao, nauli na muda wako, kisha ongeza. Epo ni ghali, bei inapanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo uliza sokoni kabla ya kukubali oda. Chukua malipo yote mkononi kabla ya kuwasha jiko, hata kama mteja ni jirani, hata kama ni shangazi yako, hata kama anakuita mwanangu. Anayekuambia atalipa nusu baada ya sherehe, mpe namba ya mpishi mwingine.

Dada wa Mbeya, huko kwenu mko karibu na Njombe kuliko mimi, epo zikifika unazipata kwa bei ya kunitia wivu. Pika tena Jumamosi kwa bati lilelile. Ikitoka, iache ndani ya bati dakika kumi na tano, igeuze, iache ipoe kabisa kabla ya kuikata, walau saa moja na nusu. Ikikatwa moto inavunjikavunjika, na michirizi yako haitaonekana kwenye picha utakayonitumia.