Kupima Asidi kwa Maji ya Kabichi: Kazi Iko Kwenye Kulinganisha

Kati ya viashiria vyote vya asili nilivyojaribu (yaani vitu vinavyobadilika rangi vikikutana na asidi au kinyume chake, besi), bado naipa kabichi ya zambarau nafasi ya kwanza. Litmasi, ile karatasi ya maabara, hukuambia kama ni asidi au besi, basi. Kabichi huonyesha na ukali wake: nyekundu kwenye maji ya limau, zambarau kwenye maji matupu, buluu kwenye soda ya kuokea, kijani kwenye sabuni ya kipande, na manjano besi inapokuwa kali mno.

Katakata majani, yamwagie maji ya moto, yaache yapoe, kisha chuja. Tumia bakuli la kioo, maana chuma na alumini hushikana na ile rangi na kuibadilisha kabla hujapima chochote. Tumia pia maji yaliyotoneshwa ukiyapata. Maji ya bomba huwa na chumvichumvi zinazoweza kuvuta rangi kuelekea buluu, ukadhani kabichi yako ina kasoro.

Sasa wengi hukosea hapa: wanatazama kikombe kimoja na kutaja namba. Usifanye hivyo. Kipimo cha pH, alichokianzisha Søren Sørensen nchini Denmark mwaka 1909, huenda kwa makumi: namba ikishuka kwa moja, asidi huwa kali mara kumi zaidi. Kutoka 5 hadi 3 ukali umeongezeka mara 100, lakini jicho linaona wekundu umekolea kidogo tu. Mimi hupanga kwanza vikombe vyeupe vya vitu ninavyovifahamu: limau (karibu 2), siki (kati ya 2 na 3), maji (7), soda ya kuokea (kama 8). Kiasi cha maji ya kabichi kiwe kilekile kila mahali. Kisha kigeni nakiweka katikati yao na kuuliza kinafanana na nani. Kwa njia hii utaona kwamba sabuni ya maji ya vyombo mara nyingi inakaribia maji matupu, huku ya kipande ikiwa besi bila ubishi.

Maziwa yanafubaza rangi, na kahawa inaificha kabisa. Kahawa ichanganye na maji mengi kwanza. Ni asidi dhaifu, kwa hiyo pH yake haisogei sana.

Bizari ya manjano nayo ina kazi yake, ingawa ni moja tu: hubaki njano kwenye asidi na maji, halafu hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye besi. (Doa la mchuzi linalowekundika ukilipaka sabuni ni jambo hilohilo.) Iloweke kwenye spiriti, kwani kwenye maji haiyeyuki vizuri, chovya karatasi, anika kivulini. Rosela ni nzuri kwa macho, ila yenyewe ina asidi, hivyo asidi dhaifu inaweza kukupita bila kuiona.

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini itakudanganya. Rangi inageuka kidogo, kisha inatoweka, kwa sababu dawa imeiunguza rangi yenyewe. Usiimwage kwenye kikombe cha siki au limau hata kwa udadisi: hutoa gesi ya klorini, nayo inadhuru mapafu. Iweke mwisho, peke yake, dirisha likiwa wazi.

Maji ya kabichi yaliyobaki yagandishe kwenye trei ya barafu. Yakiachwa nje siku chache, harufu yake hutaisamehe.