Mwanafunzi wa famasia anafanya nini wodini? Jibu kwa aliyepangiwa Bombo

Mleta uzi anasema amepangiwa mafunzo kwa vitendo Tanga, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Muda mwingi atakuwa wodini, si dirishani, na waliomtangulia wamemwambia mwanafunzi wa famasia huko husimama tu nyuma ya madaktari. Anauliza afanye nini.

Kazi yako ni kuifuata dawa tangu kalamu ya daktari hadi iingie mwilini mwa mgonjwa. Faili linaweza kusomeka vizuri kabisa na mgonjwa asipate nafuu, kwa kuwa baada ya kuandikwa kuna kuyeyusha, kupima, kuvuta, saa ya kuchoma, na ndugu aliyetumwa duka la nje akarudi na kichupa cha nguvu nyingine. Madaktari wana mengi, wauguzi ni wachache. Wewe una muda wa kuangalia hapo katikati, utumie.

Raundi ya madaktari ikianza saa 3 asubuhi, wewe uwe wodini saa 1:30. Usibebe wodi nzima. Chukua wagonjwa wanne au watano: waliolazwa usiku, wazee, wenye dawa zaidi ya tano, wenye figo au ini lenye shida. Andika umri, uzito, ugonjwa, dawa zote na siku zilizoanza, majibu ya maabara. Kinachokosekana mara nyingi ni uzito, na mtoto asiyejulikana uzito hana dozi, ana makisio. Kama mzani uliopo ni wa watu wazima, mpime mama akiwa amempakata, kisha mama peke yake, utoe.

Kazi ya figo ihesabu mwenyewe. Maabara zetu hutoa kreatinini, taka ya damu inayotolewa na figo, kwa mikromoli kwa lita, ilhali vitabu vingi vya Marekani hutumia miligramu kwa desilita, ndipo watu wanapokoseshana. Kwa mikromoli: toa umri kwenye 140, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.23 mwanamume au 1.04 mwanamke, gawa kwa kreatinini. Bibi wa miaka 68, kilo 50, kreatinini 180, anapata takriban mililita 21 kwa dakika, ndiyo kasi ya figo zake kuchuja damu. Kama bado anameza metfomini ya kisukari, hilo ndilo jambo lako la kwanza asubuhi hiyo, maana chini ya 30 haitakiwi. Angalia pia kama ana jentamisini, antibiotiki inayoweza kuumiza figo. Kreatinini 180 haimshtui kila mtu akiitazama kwenye karatasi. 21 inamshtua kila mtu.

Sasa njoo kwenye sindano, na ukiwa pwani huku anza na ya malaria kali. Artesunati ya kichupa cha miligramu 60 yenye ampuli mbili huyeyushwa kwa hatua mbili. Kwanza mililita 1 ya sodiamu baikaboneti, tikisa dakika mbili hadi tatu mpaka iwe angavu kabisa. Ikibaki na ukungu, usiendelee. Halafu maji ya chumvi: mililita 5 kama inaingia mshipani, unapata miligramu 10 kwa kila mililita, mililita 2 kama ni msulini, unapata 20. Mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kilo, wa kilo 20 kwenda juu 2.4. Mtoto wa kilo 14 basi ni miligramu 42, yaani mililita 4.2 za mshipani, na kipimo hupandishwa hadi namba kamili, 5. Hudungwa taratibu, mililita 3 hadi 4 kwa dakika. Inarudiwa saa ya 12 na ya 24 tangu dozi ya kwanza, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza.

Makosa yake yanajulikana. Mtu anakosa baikaboneti anaweka maji ya sindano, unga hauyeyuki sawasawa. Mtu anayeyusha kwa kipimo cha msulini kisha anavuta mililita za mshipani, dozi inakuwa mara mbili. Au kinachobaki kinawekwa friji kwa ajili ya dozi ya usiku, wakati dawa iliyoyeyushwa inatakiwa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Boksi nalo lisome kila mara, kwa sababu siku hizi zipo artesunati zenye kiyeyushio kimoja, na hatua zake si hizi. Kosa kubwa kuliko yote ni mgonjwa kuamka, kula uji na kuruhusiwa bila ALu, vidonge vya malaria vya mseto. Dozi tatu za sindano zikitimia na anameza, lazima apewe ALu kamili ya siku tatu, aimeze na chakula chenye mafuta kidogo, au maziwa. Na arudi kupimwa damu ndani ya wiki ya pili hadi ya nne, kwa sababu wengine chembe nyekundu huvunjika baadaye.

Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, nayo itazame. Gramu 1 iliyoyeyushwa kwa mililita 3.5 za lignokeini, dawa ya ganzi, ni ya msulini tu, haiingii mshipani kamwe. Na usiiruhusu ikutane na dripu ya Ringer, ina kalsiamu, zinagandiana. Wodi ya wazazi, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, ya asilimia 50: gramu 4 ni mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12 upate 20, na hakikisha kiuasumu chake, kalsiamu glukoneti, kipo karibu kabla haijachomwa, si baadaye.

Kumhoji mgonjwa ndipo mwanafunzi mgeni anapokwama Tanga. Salamu kwanza, tena kamili. Bibi aliyetoka Pangani au Mkinga ukimwambia shikamoo ukamwacha amalize kukuuliza kwenu, atakueleza mengi ambayo daktari hakuyapata. Usimuulize "unatumia dawa za kienyeji?" Wengi wanasikia shutuma, wanakana. Muulize: "Bibi, kabla ya kuja hospitali mlijitibu na nini nyumbani? Ya miti, ya kisuna, ya dukani?" Ataitaja habasoda, mwarobaini, na vidonge vya maumivu alivyouziwa duka la dawa muhimu. Hivyo vidonge viangalie sana, diklofenaki huharibu figo za mtu mwenye presha kimyakimya.

Mwezi wa Ramadhani usisubiri mgonjwa akuulize. Mwenye kisukari akimeza dozi yake kubwa ya glibenklamidi wakati wa daku kisha akashinda na njaa, sukari inashuka mchana. Dozi hiyo ihamie futari, na daktari aamue ya daku ipunguzwe kiasi gani. Dawa ya mara mbili inaingia futari na daku. Ya mara tatu haiingii, basi tafuta mbadala. Kama afya yake hairuhusu kufunga, daktari amwambie waziwazi, nawe usijifanye shehe.

Raundini sema machache. Ukiwa na hoja, mpelekee kwanza mfamasia mlezi wako, kisha daktari, kabla hamjafika kitandani. Hoja iwe na tarakimu na njia ya kutokea: "Dokta, kitanda cha 6, figo zake ni 21, naomba tusimamishe metfomini, insulini ipo stoo." Neno "ipo stoo" lina uzito. Pendekezo la dawa isiyopatikana linamrudisha ndugu barabarani na pesa hana. Mwongozo wa matibabu wa taifa, toleo la karibuni, uwe kwenye simu yako, maana ndio unaokubalika, kuliko kitabu cha nje.

Baada ya raundi wengi huondoka kwenda chai. Wewe rudi kwenye karatasi za dawa. Kisanduku kilicho wazi kina maana tatu: haikupatikana, haikuchomwa, au imechomwa haikuandikwa. Muulize sista kwa adabu, yeye ndiye atakayekufundisha mengi. Angalia saa pia: antibiotiki ya kila baada ya masaa 12 iliyochomwa saa 4 asubuhi na saa 12 jioni imepishana masaa 8 tu.

Ukiona upele, manjano au uvimbe baada ya dawa, jaza fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, siku hiyohiyo, na jina la dawa liambatane na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye kichupa. Kichupa kikishatupwa, namba hiyo huipati tena.

Anayeruhusiwa akiwa na kifua kikuu na VVU, fungua mfuko wake wa dawa ukiwa naye. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dolutegraviri ya VVU, hivyo mbali na kidonge chake cha TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri pamoja) anatakiwa awe na dolutegraviri ya pekee miligramu 50, aimeze masaa 12 baada ya TLD, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Mfuko wenye TLD peke yake haujakamilika. Mwambie akae kwanza, uende kuifuata.