Maswali yenu kuhusu vyama vya wafanyakazi Marekani

Vyama hivi vilipataje nguvu? (Msomaji, Morogoro)

Sheria ya Wagner ya 1935 iliwapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuunda chama na kujadiliana na mwajiri. Lakini waajiri wakubwa waliipuuza hadi walipobanwa. Mwishoni mwa Desemba 1936, wafanyakazi wa kampuni ya magari ya General Motors mjini Flint, Michigan, walisimamisha kazi wakabaki mlemle kiwandani, hivyo kampuni haikuweza kuweka watu wengine kwenye mashine. Siku ya 44 ikakubali kukitambua chama chao, UAW. Kufikia miaka ya 1950, karibu theluthi moja ya waajiriwa wa nchi nzima walikuwa wanachama.

Na Wamarekani weusi, walinufaika? (Msomaji, Kisumu)

Kwa kuchelewa, na kwa kupigania. Sheria hiyohiyo iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani, kazi zilizowabeba weusi wengi wa Kusini. Vyama vingi navyo viliwafungia mlango. A. Philip Randolph aliongoza chama cha wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala tangu 1925. Kampuni ya Pullman iliyowaajiri ilitia saini mkataba nao 1937, baada ya miaka 12. Martin Luther King naye aliuawa Memphis mwaka 1968 alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili kusagwa na lori la taka.

Mjomba anasema vyama vimekufa kwa sababu vijana hawavitaki. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Kwa heshima zote kwa mjomba, sikubaliani naye. Ni kweli viwanda vilihama na mitambo ikachukua nafasi za watu, na baadhi ya viongozi wa vyama walikula michango ya wanachama. Ila mimi naanza na sheria. Tangu 1938 Mahakama ya Juu ya Marekani inamruhusu mwajiri kuajiri watu wa kudumu badala ya waliogomea mshahara. Sheria ya Taft-Hartley ya 1947 ikaruhusu majimbo kupiga marufuku mikataba inayomlazimu kila mfanyakazi kulipa ada ya chama. Mwaka 1981 Rais Reagan aliwafukuza waongoza ndege zaidi ya 11,000 waliogoma. Hao walikuwa watumishi wa serikali na sheria iliwakataza kugoma, lakini waajiri binafsi nao walipata ujasiri.

Mwajiri akimfukuza mtu kwa sababu ya chama, kwa kawaida hulipa mshahara uliopotea, tena ukitolewa alichopata kwingine. Faini hakuna. Kesi huchukua miezi, hata miaka, na wenzake wanatazama. Watu wenye kodi ya nyumba na watoto wananyamaza, kisha tunaambiwa hawataki! Mwaka 2024 wanachama walikuwa asilimia 9.9 tu ya waajiriwa, na katika sekta binafsi, karibu 6.

Nafanya kazi ghalani Texas, nimetoka Bukavu. Naweza kuzungumzia mshahara na wenzangu bila kufukuzwa?

Ndiyo, ndugu yangu, hata bila chama, ilmradi wewe si msimamizi wala mkandarasi wa kujitegemea. Asilimia 30 ya wafanyakazi wenzako wakitia saini, mnaweza kuomba kura ya kuunda chama. Texas hulazimishwi kulipa ada, na chama kikishinda lazima kikuwakilishe hata usipolipa. Ukiadhibiwa, peleka malalamiko ofisi ya NLRB, bodi ya serikali kuu inayosimamia haki hizi za wafanyakazi, ndani ya miezi 6. Andika tarehe, maneno uliyoambiwa na nani alikuwepo, siku hiyohiyo.