Mabadiliko, mabadilishano au ubadilishanaji? Bahari na kaboni dioksidi

SWALI: Naandaa kijitabu cha sayansi ya bahari kwa vijana wa pwani. Sura moja inaeleza namna wanasayansi wanavyokokotoa kaboni dioksidi inayopita kati ya bahari na hewa. Nimeipa kichwa “Mfano wa mabadiliko ya kaboni dioksidi kati ya bahari na hewa”. Mhariri ameniambia kina makosa. Je, ni yapi? Tena, niseme bahari “inafyonza” au “inameza” gesi hiyo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, mhariri wako yuko sahihi, na kosa zito liko kwenye neno mabadiliko.

Mabadiliko yanatokana na kubadilika, na kinachobadilika ni kitu chenyewe: bei, tabia, tabianchi. Atakayesoma kichwa chako ataelewa kwamba kaboni dioksidi inageuka kuwa kitu kingine. Jambo hilo nalo lipo. Gesi ikishaingia majini, sehemu yake kubwa hugeuka kuwa baikaboneti, aina ya kaboni iliyoyeyuka majini, na katika kugeuka huko asidi ya maji huongezeka. Tangu enzi ya viwanda ianze, pH ya maji ya juu ya bahari (kipimo ambacho kikishuka, asidi imezidi) imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Hayo ndiyo mabadiliko, na yanastahili sura yake. Sura yako wewe inahusu gesi inayovuka uso wa bahari, ikienda na kurudi. Hapo kitenzi ni kubadilishana, nacho kinatupa nomino mbili, mabadilishano na ubadilishanaji.

Zote mbili ni sahihi. Mimi nachagua ubadilishanaji, kwa kuwa umbo hili hutaja tendo likiwa linaendelea, kama usafirishaji au ufundishaji, na molekuli hazivuki mara moja zikatulia. Wako wanaopinga kwamba kubadilishana kunataka vitu viwili tofauti, huyu atoe samaki yule atoe unga. Sikubaliani nao. Watu hubadilishana salamu na hubadilishana mawazo, kitu kile kile kikitoka pande zote mbili.

Sasa fyonza. Mbu hufyonza damu, mtoto hufyonza kidole, na nguvu ya kuvuta iko kwa anayefyonza. Bahari haivuti. Kinachoipeleka gesi huku au kule ni tofauti ya kanieneo, yaani msukumo, wa kaboni dioksidi iliyo majini na ile iliyo hewani: inatoka palipozidi kwenda palipopungua. Modeli, yaani milinganyo ya kukokotoa gesi inayovuka, huchukua tofauti hiyo, ikaizidisha kwa kiwango cha gesi kuyeyuka katika maji ya chumvi, kisha kwa kasi ya gesi kuvuka uso wa maji. Kasi hiyo hutegemea sana upepo. Katika kanuni inayotumika sana, aliyoitoa mwanasayansi wa bahari Rik Wanninkhof mwaka 1992, kasi ya kuvuka hufuata kipeo cha pili cha kasi ya upepo, yaani upepo ukizidi mara mbili, gesi huvuka kwa kasi mara nne. Joto nalo lina nguvu yake: maji yakipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, kanieneo ya gesi iliyomo hupanda kwa takriban asilimia 4.

Hata hivyo sikushauri ulifute neno fyonza. Limeshazoeleka katika vitabu vya sayansi, na linafaa pale unapotaja hesabu ya mwisho, baada ya kutoa kinachotoka katika kinachoingia. Kwa maana hiyo ni kweli kwamba bahari, kwa jumla yake, hufyonza karibu robo ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu.

Hatari iko kwenye hu- ya mazoea. Ukiandika “bahari hufyonza kaboni dioksidi” ukaishia hapo, umeifanya kuwa desturi ya kila bahari na kila msimu, na msomaji wa pwani atakuamini. Wakati wa kusi, upepo unaopiga kando ya Somalia huinua maji ya vilindini yaliyojaa kaboni, na bahari ya huko hutoa gesi kuliko inavyopokea. Pasifiki ya ikweta nayo hutoa. Atlantiki ya Kaskazini na bahari zinazoizunguka Antaktika ndizo zinazofyonza kwa wingi. Kwa hiyo taja mahali na majira, au weka “kwa jumla”.

Meza liache kabisa. Kilichomezwa hatukitarajii kirudi, na gesi hii inarudi.

Tatizo la neno mfano ni kwamba limebeba kazi nyingi mno. “Mfano wa ubadilishanaji” humfanya msomaji asubiri kisa kimoja kinachotolewa ili aelewe jambo, kumbe unazungumzia milinganyo inayoiga kazi ya bahari. Tumia modeli, katika ngeli ya i-/zi-: modeli hii, modeli hizi. Kitenzi chake ni kuunda modeli, na kinatosha. Na kwa kuwa wengi wanaiita kaboni dioksidi yenyewe hewa ukaa, ni heri mahali inapokwenda paitwe angahewa.

Kichwa basi kiwe “Modeli ya ubadilishanaji wa kaboni dioksidi kati ya bahari na angahewa”. Angalia na upatanisho: ubadilishanaji wa, si ya. Ukipenda mabadilishano, ndipo utakapoandika ya.