Kizuka ndani ya chandarua: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Barua yako ya Malindi imefika na nimeisoma mara mbili. Unasema mchezo wenu ni wa mama aliyefariki Lamu, roho yake ikabaki nyumbani ikimtazama mumewe akimuoa mdogo wa marehemu. Na kwenye mazoezi, mama alipotokea tu, watu wakaangua kicheko. Unauliza kosa liko wapi. Naona yako mawili, na la kwanza halihusu taa kabisa.

Usaliti haujaingia mchezoni. Mke akifa, sheria yetu inamruhusu mume kumuoa shemeji yake, tena yeye hana eda ya kungoja. Watazamaji wako wanalijua hilo. Wakimwona marehemu analia kwa ndoa halali, watasema ana wivu, na mwenye wivu huchekwa. Lakini ndugu wawili wa kike hawawi chini ya mume mmoja kwa wakati mmoja. Basi leta cheti cha ndoa, na tarehe yake iwe siku 11 kabla ya mazishi, mama akiwa angali kitandani na mdogo wake ndiye anayemnywesha uji. Wamefungishwa Mombasa na mtu asiyewajua. Ndoa hiyo ni batili, na ukumbi mzima utalijua hilo bila kuelezwa.

Cheti kifichwe ndani ya kidaka cha ukutani, nyuma ya sahani, na binti wa marehemu akikute siku anapopangusa vumbi. Karatasi haisomeki kutoka safu ya tatu, kwa hiyo binti aisome tarehe kwa sauti, mara moja, halafu ahesabu siku kwa vidole mpaka afike siku ya maziko. Asiharakishwe. Muziki usiwepo hapo. Vidole vile vitafanya kazi kubwa kuliko kilio chochote ulichoandika.

Nyumba nayo iwe ya mama mwenyewe, alipewa na babake alipoolewa, kama ilivyokuwa desturi ya Lamu. Hesabu ya mirathi uiweke sawa, maana atakuwepo mtu ukumbini anayeijua: akiacha mume, mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, mume ana robo, mwana nusu, binti robo. Wazazi wa marehemu wawe wameshatangulia, ama sivyo kila mmoja ana sudusi yake, yaani moja ya sita, na hesabu yote inageuka. Mdogo mtu hana fungu. Akisema "nyumba yetu" mara moja tu, inatosha.

Sasa mama mwenyewe. Kosa la pili ni kumvika sanda. Sanda ya mwanamke ni nguo 5, na kila mwanamke aliyewahi kuosha maiti ataiona yako si sanda, ni shuka. Wengine watacheka, wengine watachukia, na wana haki. Mvike leso yake ya kila siku, iliyopauka. Kipande cha pili cha doti ile ile akijifunge mdogo wake, katika onyesho lililotangulia. Nguo za marehemu hutolewa sadaka, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza ameipata wapi.

Tena usisahau kwamba neno letu lina maana mbili. Kizuka ni kitu kinachotokea ghafla kikatisha watu, na kizuka pia ni mjane aliye edani. Mume hakai eda, basi muweke mama aikae yeye: miezi 4 na siku 10, ndani ya nyumba kati, kile chumba cha ndani, pale pale alipooshwa. Hatoki, hajipambi, hajitii manukato. Manukato yawe ya mwenzake: chetezo cha udi kiwashwe nyuma ya pazia dakika 5 kabla bibi harusi hajaingia. Watu wamnuse kabla ya kumwona.

Kumtokeza mama, tumia kitanda chake. Ile njia ya kioo aliyoionyesha John Henry Pepper huko London mwaka 1862, kioo kikubwa kilicholazwa nyuzi 45 na mchezaji amefichwa akimulikwa, iache: kioo ni ghali, na aliyekaa pembeni huona mambo asiyotakiwa kuyaona. Chukua samadari na chandarua cheupe, tabaka moja. Matabaka mawili yakipishana hutoa mawimbi ya michoro yanayocheza machoni. Kivute mpaka kisiwe na mkunjo. Taa ya mbele ikipiga kutoka ubavuni, chandarua huonekana kama ukuta mweupe. Ikipiga moja kwa moja inapenya na kumuumbua aliye ndani. Ukiizima ile ya mbele na kuwasha ya ndani, ukuta unatoweka na mama amekaa pale.

Mambo matatu huharibu. Ukuta wa nyuma ukiwa umepakwa chokaa unarudisha mwanga, kwa hiyo utundikie kitambaa cheusi cha buibui. Taa za LED za bei nafuu haziwaki polepole, zinaruka. Tafuta balbu ya zamani ya wati 60 yenye uzi ndani, na swichi ya kupunguza mwanga, ipandishwe kwa sekunde 4. Balbu hiyo ina moto, na chandarua cha nailoni huyeyuka, basi iwe mbali nacho mita moja. La tatu ni upepo. Mkionyesha Januari kaskazi itaingia kwa madirisha ya baharini: yafungeni, na feni mzizime dakika kumi kabla, maana chandarua kikitikisika watu watajua ni kitambaa.

Asionekane zaidi ya mara tatu, na asijibizane na aliye hai. Wengi kwetu wanaamini aliyekufa yuko barzakhi, hazunguki vyumbani. Mwache awe mbele ya watazamaji peke yao. Akisema, aseme kwa mizani 8, mishororo minne, wenzake wakisema maneno ya kawaida:

Mlango haufunguki
sauti haisikiki
mkono haushikiki
nami nimo mwangu ndani

Mara ya mwisho iwe siku eda inapokwisha. Binti aingie nyumba kati, aikunje leso, afungue chandarua. Taa ya ndani iwe imeshazimwa, na kitandani kuwe kutupu.

Niandikie upana wa jukwaa na idadi ya taa mlizo nazo, nikuchoree zikae wapi.

Wasalaam,
Mamako, Lamu