Jibu: Bustani ya Suzanne Buisson, Montmartre

Habari ndugu. Umeuliza kama ulipotea, kwa kuwa ulitafuta bustani ya Suzanne Buisson kwenye kitongoji cha Montmartre jijini Paris ukakuta sanamu ya mwanamume aliyeshika kichwa chake mwenyewe. Hukupotea.

Nami nilizunguka pale hadi nikachoka, kwa sababu nilitafuta sanamu ya Suzanne kabla ya kusoma jina la bustani. Kwanza hakikisha umeingia kwa mtaa wa Girardon, karibu na kituo cha metro cha Lamarck-Caulaincourt. Sanamu ile ni ya Mtakatifu Denis, ambaye kwa masimulizi ya kale alikatwa kichwa, akakiokota, akakiosha kwenye chemchemi ya hapo na kuendelea na safari.

Bustani yenyewe inamuenzi Suzanne Buisson, kiongozi wa wanawake wasoshalisti na mke wa mwanachama wa vyama vya wafanyakazi, Georges Buisson. Ufaransa ilipokaliwa na Wajerumani, alishirikiana na msoshalisti mwenzake Daniel Mayer kuuhuisha usoshalisti kwa siri, hadi Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, walipomkamata mwaka 1944 na kumpeleka kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, asirudi tena. Ukirudi, tafadhali simama kidogo kwa ajili yake, maana wageni wengi humpiga picha Denis tu na kuondoka.